Kazi ya Kufungasha ni ya Nani?

Kuna sifa moja ambayo sisi tulio Marekani na Ulaya huzipa supamaketi za nyumbani bila kuifikiria sana: kule unahudumiwa. Keshia akimaliza kupitisha unga, sabuni na maziwa, pembeni kuna kijana anayepanga kila kitu mfukoni, anafunga boksi kwa kamba na, ukimtazama kidogo tu, analibeba hadi kwenye gari. Huku ughaibuni, tunasema, unasukumiwa vitu vyako kama unafukuzwa. Sifa hiyo ina ukweli wake, lakini anayepimwa hapo ni mteja peke yake. Ukimweka mfungashaji katikati ya ulinganisho, maswali yanabadilika: nani anamlipa, kwa saa ngapi, anabeba nini, anapumzika wapi, na bidhaa ikipotea nani anakatwa. Majibu ya maswali hayo yote, kwa ninavyoona, yanategemea swali moja ambalo kila nchi imelijibu kwa namna yake, mara nyingi bila kulitamka: kazi ya kutia bidhaa mfukoni ni ya nani?

Ujerumani imejibu waziwazi kwamba ni ya mteja. Katika maduka ya Aldi na Lidl keshia ameketi kitini, anapitisha bidhaa kwa kasi ambayo mgeni huiona kama ugomvi, na mteja huzirudisha kwenye toroli akaenda kuzipanga pembeni au nyuma ya gari lake. Toroli lenyewe hufunguliwa kwa sarafu, na sarafu hiyo humrudia mteja anapolirejesha mahali pake, kwa hiyo hata kukusanya matoroli uwanjani ni kazi aliyotwishwa mnunuzi. Walmart ilipoingia Ujerumani mwaka 1997 ilikuja na desturi za kwao, wakiwemo watu wa kufungasha na wa kusalimia mlangoni. Wateja wengi hawakupenda mtu baki ashikeshike vyakula vyao, na mwaka 2006 kampuni hiyo iliyauza maduka yake kwa Metro ikaondoka. Wafungashaji hawakuwa sababu kubwa ya hasara ile. Ushindani wa bei ulichangia zaidi. Hata hivyo kisa hicho kinatuonyesha kuwa huduma tunayoisifu haitamaniwi na kila mteja duniani. Aldi nayo ilivuka bahari mwaka 1976 ikaanza kufungua maduka Marekani, katika jimbo la Iowa, na Wamarekani waliozoea kufungashiwa wamekubali kujifungashia mradi bei iwe nafuu. Katika utaratibu huu hakuna mfungashaji wa kuonewa, kwa kuwa hakuna mfungashaji. Mzigo umehamia kwa keshia anayetakiwa aende mbio, na kwa bibi mwenye vidole vizito ambaye foleni nzima inamkodolea macho wakati anahangaika na mayai yake. Bado, jambo limewekwa mezani: mteja anajua anachofanyiwa na asichofanyiwa, na hakuna mtu anayejitolea mgongo wake ili ukweli huo ufichike.

Marekani jibu lake ni la vipandevipande, na lina historia inayotuhusu kuliko tunavyodhani. Kabla ya mwaka 1916 mnunuzi wa Marekani alisimama mbele ya kaunta akamtajia muuzaji anachotaka, kama tufanyavyo nyumbani hadi leo kwenye duka la mtaani, kwa Mangi. Mwaka huo Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, akamwacha mteja atembee kati ya rafu na kuchukua mwenyewe. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaleta toroli la kusukuma, na manunuzi ya mara moja yakapita uwezo wa mikono miwili. Kutafuta bidhaa kukawa kazi ya mteja, ila kuzifunga kukabaki kwa duka, na aghalabu wakapewa vijana. Mpaka leo sheria ya shirikisho inamruhusu mtoto wa miaka 14 au 15 kufungasha na kumbebea mteja mizigo, lakini inamwekea mipaka inayohesabika: saa 3 siku ya shule, saa 18 katika wiki ya shule, asianze kabla ya saa moja asubuhi wala kupitisha saa moja jioni, isipokuwa miezi ya kiangazi ambapo anaweza kufika saa tatu usiku. Haruhusiwi kufanya kazi ndani ya chumba cha kugandishia nyama. Na kijana yeyote aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuendesha mashine ya kukandamiza maboksi, mashine ambayo imewahi kukata mikono ya watu. Publix, kampuni yenye makao yake Florida, inajulikana kwa wafanyakazi wanaomsindikiza mteja hadi garini, na vilevile kwa kuwakataza wasipokee bahshishi. Kwa masikio ya nyumbani katazo hilo linasikika kama roho mbaya. Mimi nalisoma kama tamko: kazi hii ni ya duka, na malipo yake yamo kwenye bei ya nyanya ulizonunua.

Sitaki msomaji adhani kwamba Marekani ni pepo ya wafungashaji. Saa zikiwekewa mpaka, kazi yenyewe bado inaweza kukosa mpaka. Katika maduka mengi mtu anayeajiriwa kufungasha ndiye huyohuyo anayetumwa kukusanya matoroli juani Texas au kwenye theluji Minnesota, kufuta maziwa yaliyomwagika, kurudisha rafuni bidhaa zilizoachwa ovyo, kuulizia bei, kumwaga takataka na kusafisha choo. Kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapandishwa tangu Julai 2009. Texas, ambako wenzetu wengi wanaishi, inakifuata hichohicho, wakati California ilifika dola 16.50 mwaka 2025. Mwaka 2004 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ilitoa mwongozo kwa maduka ya vyakula kuhusu maumivu ya mgongo, mabega na viganja. Ndani yake mna ushauri wa kurekebisha kimo cha mahali pa kufungashia, kutandika mkeka laini kwa anayesimama muda mrefu, na kuwabadilisha watu nafasi ili kiungo kilekile kisichoke siku nzima. Ni mwongozo mzuri, ila hauna nguvu ya sheria. Hata kiti kilihitaji mahakama: Aprili 2016 Mahakama ya Juu ya California ilifafanua kwamba mwajiri anapaswa kutoa kiti pale ambapo kazi inayofanyika mahali fulani inaruhusu kuketi, na mwaka 2018 Walmart ilikubali kulipa dola milioni 65 kumaliza shauri la makeshia wa jimbo hilo walionyimwa viti. Mfungashaji anayezungukazunguka hafaidiki sana na uamuzi huo. Kwenye maduka yenye chama cha wafanyakazi cha UFCW, mfungashaji yumo ndani ya mkataba wa pamoja, ingawa kwa kawaida amekaa ngazi ya chini kabisa ya mishahara. Kinachonivutia ni kwamba hata ngazi ya chini ni ngazi: ina jina, ina kima, na kuna mtu wa kulalamikiwa.

Jibu la tatu ndilo baya kuliko yote, nalo husema kazi hii si ya yeyote. Lipo hukohuko Marekani, tena chini ya kivuli cha serikali. Katika supamaketi zilizo ndani ya kambi za jeshi, wafungashaji kwa desturi si waajiriwa. Wanaruhusiwa tu kusimama pale na kuishi kwa bahshishi za wanajeshi na familia zao. Mexico ilijenga mfumo wa aina hiyo kwa upana zaidi, kwanza kwa watoto, baadaye kwa wazee waliowekwa kwenye kaunta chini ya mpango wa taasisi ya serikali inayoshughulikia wazee, wakiitwa watu wa kujitolea. Walivaa aproni za duka na kufuata ratiba ya duka, lakini hawakuwa na mshahara. Janga la korona lilipofika mwaka 2020, wazee hao wakaambiwa wabaki nyumbani kwa usalama wao, na kwa kuwa kisheria hawakuwa wafanyakazi wa mtu, riziki yao ilikatika siku ileile. Mwaka 2022 Walmart ya Mexico ilitangaza kwamba haitaendelea na mpango ule. Nauona mfano huu kuwa kioo kwa sababu kwa nje ulipendeza: wateja waliona wanasaidia wazee, duka lilipata huduma bure, na wazee walipata chochote. Mpaka siku mambo yalipoharibika.

Bahshishi ina ubaya mwingine ambao sisi tunaokuja likizo na dola hatuuoni. Humfanya mfungashaji amfuate mwenye gari na kumwacha mama mwenye pakiti moja ya majani ya chai. Huwagombanisha wafungashaji wa zamu moja kwa ajili ya kaunta iliyo karibu na mlango. Humfanya mtu anyenyekee zaidi ya inavyohitajika, maana chakula cha jioni kinategemea kama fulani ameamka vizuri. Na humpa mwenye duka kisingizio cha kutogusa mshahara, akisema vijana wake wanapata huko nje. Simkatazi mtu kutoa; nasema noti ya shilingi elfu mbili iliyoingizwa mfukoni mwa kijana haimalizi deni ambalo si la mteja.

Sasa twende nyumbani. Kwa Mangi au kwa Mpemba, anayefunga bidhaa ni mwenye duka mwenyewe, au mtoto wa ndugu yake. Anapima sukari, anaifunga, anakukabidhi, anakuuliza habari za nyumbani. Kufunga ni sehemu ya kuuza, wala hakuna aliyewahi kuona ni kazi duni. Supamaketi ilipokuja iliugawa ule mkono mmoja wa muuzaji katika mikono mingi, na kila mkono ukapewa bei yake. Katika maduka mengi makubwa ya Nairobi, watu unaowaona wamevaa sare hawaajiriwi wote na duka: wengi wa wanaopanga rafu wanalipwa na wasambazaji wa bidhaa, mlinzi ni wa kampuni ya ulinzi, msafishaji ni wa kampuni ya usafi, na mfungashaji mara nyingi ameletwa na wakala au ameitwa kwa kibarua. Anapewa amri na duka, anapewa ujira na mtu mwingine, na akiuliza kuhusu likizo anazungushwa kati ya wawili hao. Hapo ndipo jibu letu linapojitokeza: kazi ni ya duka wakati wa kuamrisha, halafu inakuwa haina mwenyewe wakati wa kulipa na kupumzisha.

Ajabu ni kwamba sheria zetu, zikisomwa kwenye karatasi, hazina aibu mbele ya zile za Marekani, na mahali pengine zinazipita. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa na mkataba wa mwezi. Kufungasha katika supamaketi si kazi ya kwisha ndani ya miezi mitatu. Maadamu watu wanakula, kazi ipo. Sheria hiyohiyo inaruhusu makato ya hasara ya mali pale tu mfanyakazi alipoisababisha kwa makusudi, na yawe ya kiasi. Kwa hiyo kugawa gharama ya chupa zilizopotea kwa watu wote wa zamu, jambo ambalo wafanyakazi wa madukani hulizungumza kama mvua na jua, hakuna msingi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka huohuo, inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke pa kuketi kwa wanaofanya kazi wakisimama, ili wapumzike nafasi inapopatikana. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, na mapumziko ya dakika 60 kwa aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimpi mtu mzima hata dakika moja ya lazima ya chakula. Hilo limeachiwa majimbo. Anayesema tusubiri tuendelee kwanza ndipo tuwe na haki kama za wenzetu hajafungua vitabu vyetu wenyewe.

Na mzigo wenyewe umebadilika pasipo mtu kuupima upya. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania bara ikafanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Naunga mkono marufuku hizo bila kusita. Mitaro ya Dar es Salaam inajua kwa nini. Lakini ule mfuko wa plastiki tuliouita Rambo ulikuwa na faida moja kwa mfungashaji: ulipasuka ukijazwa, kwa hiyo bidhaa ziligawanywa katika mifuko midogo mingi. Mfuko wa kitambaa unauzwa, na mteja aliyelipia mmoja hataki wa pili, basi kila kitu kinasukumwa humohumo. Au linaletwa boksi lililokuja na mafuta ya kupikia, linajazwa unga kilo kumi, sukari, sabuni za mche na lita kadhaa za maziwa, linazungushiwa kamba, linainuliwa kutoka chini. Wataalamu wa Marekani wa taasisi ya NIOSH hutumia kilo 23 kama uzito wa juu kabisa wa kuinua kwa mikono, hali zote zikiwa nzuri: mzigo uko karibu na mwili, mgongo haujipindi, mara si nyingi. Boksi la manunuzi ya mwisho wa mwezi huinuliwa kutoka sakafuni, mwili umepinda kukwepa mguu wa kaunta, na hurudiwa siku nzima. Hapo kilo 15 tu zinaweza kuwa nyingi mno.

Najua pingamizi la kwanza, nalo ni zito: ajira. Ukianza kudai mikataba, viti na mapumziko, maduka yataiga Ujerumani, na kijana aliyekuwa na kidogo atabaki hana kitu. Ningeliogopa zaidi kama ningeamini kwamba maduka yanawaweka wafungashaji kwa huruma. Yanawaweka kwa sababu wanaleta faida. Keshia asiyesimama kufungasha huhudumia watu wengi zaidi kwa saa, foleni hupungua, anayekereka haachi toroli akaondoka, na jicho la pili kwenye kaunta huona bidhaa iliyopita bila kusomwa na mashine. Ndiyo maana lawama ya bidhaa iliyopotea humwangukia yeye pia, na mlinzi wa mlangoni akikagua risiti dhidi ya boksi, anayeitwa arudi kueleza ni mfungashaji. Huwezi kumwambia mtu kwamba kazi yake haina thamani na papo hapo umwajibishe kwa mali yote inayopita mkononi mwake.

Wengine husema hii ni kazi ya kuanzia maisha, mtu hakai hapo milele. Maneno hayo yamekuja na wazo zima la Marekani, ila sharti lake limeachwa njiani. Kule wazo hilo lilijengwa juu ya mwanafunzi anayekula kwa mzazi wake na kutoka saa moja jioni kwenda kufanya kazi ya shule, na hata kule limechakaa, maana siku hizi kwenye kaunta utaona wastaafu na watu wazima wengi wenye kodi ya kulipa. Nyumbani anayefungasha mara nyingi ni baba au mama wa mtu, na bado anaitwa dogo. (Kwa upande wa salamu, nikiri kwamba nyumbani tunashinda: mteja wa Nairobi au Mwanza atamwambia mfungashaji pole na kazi, na hilo si dogo. Pole hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama ingemkuta ameketi.) Kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida jijini Nairobi kilifika shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila posho ya nyumba mwishoni mwa mwaka 2024. Anayelipwa kwa siku na kuitwa siku wanazomhitaji hakifikii, na mwanzo wa maisha usiokuwa na barua ya ajira hauonyeshi popote kwamba ulikuwepo. Hilo lilidhihirika supamaketi ya Uchumi ya Kenya ilipofunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015, kisha Nakumatt na Tuskys zikaanguka zikiacha wafanyakazi wanadai. Katika foleni ya wadai, benki ina karatasi, msambazaji ana ankara. Kibarua ana nini?

Pingamizi la bei nalo halikwepeki. Faida halisi ya supamaketi ni nyembamba. Marekani kwa kawaida haizidi asilimia chache za mauzo, na nyumbani tumeona majina makubwa yakizama. Lakini orodha ya ninayoyataja haina anasa. Kigoda cha kukalia foleni inapopungua. Meza ya kufungashia isiyomlazimu mtu kuinama hadi sakafuni. Kubadilishana nafasi kati ya kaunta na rafu. Kikomo cha uzito wa boksi moja, la pili lifungwe peke yake. Dakika sitini ambazo Bunge la Tanzania lilikwisha kuzitoa. Kilicho na gharama ya kweli ni mkataba, na hiyo ni gharama ambayo mwenye duka anaikwepa kinyume cha sheria wakati mshindani wake mwaminifu anailipa. Kulalamikia bei hapo ni kumtetea mmoja dhidi ya mwingine.

Limebaki la ukarimu. Tunaambiwa kwamba Mwafrika hamwachi mgeni abebe mzigo, na kwamba kujifungashia ni ubaridi wa Wazungu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale kaunta mwenyeji ni duka, na ndilo linalopona. Anayebeba ni mwingine. Ukarimu hutoka mfukoni kwa anayekaribisha, na duka linaloutaka linaweza kuununua kama Publix inavyofanya, kwa kumwajiri mtu na kumlipa. Lisiloutaka linaweza kumwambia mteja ajifungashie, naye atazoea. Vyote viwili ni vya heshima.

Hili si jambo la kuviachia vyama vya wafanyakazi, KUCFAW cha Kenya na TUICO cha Tanzania, peke yake, ingawa vyama hivyo ndivyo vyenye mamlaka ya kujadiliana na waajiri. Wengi wetu ughaibuni tunajenga nyumbani, na siku hizi chini ya nyumba kuna fremu, na ndani ya fremu kuna minisupamaketi inayoendeshwa na shemeji au mdogo wetu. Tunamtumia pesa za friji, mashine ya risiti na kamera nne tunazoziangalia kwenye simu kutoka Houston au Leicester. Kamera hizo zinamwona yule kijana wa mwisho wa kaunta tangu saa mbili asubuhi hadi duka linapofungwa. Mwajiri wake hapo hana haja ya kutafutwa kwa wakala, na fomu ya mkataba inaandikwa jioni moja, ikiwa na jina lake, saa zake, ujira wake na siku yake ya mapumziko.